Mwaka Tuliokatazwa Moshi

Katika nyumba ya mwanangu Elisha, hapa Irving, karibu na Dallas, kuna kidude cheupe kimebandikwa kwenye dari karibu na mlango wa jiko. Nikikaanga samaki kinalia. Kitunguu kikiungua kidogo kinalia. Mjukuu wangu Divine huja mbio na taulo, anakipungia hewa kama anayefukuza nzi, ananiambia, "Bibi, open the window," nami nafungua dirisha. Siku Esperansi aliponipigia simu kutoka Houston kilikuwa kinalia hivyo hivyo, nikamsikia anacheka upande wa pili.

"Mama Elisha, unaunguza nyumba ya watu?"

"Ni samaki tu. Sema, nakusikia."

Akasema wanamfanyia baba yake sikukuu. Muzee Wilondja amezeeka sana, watoto na wajukuu waliozaliwa huku hawajui alichofanya kule kwetu wakati wa vita, wanamuona babu wa kukaa kwenye kochi tu. "Weye peke yako umebaki mwenye kuona kwa macho," akaniambia. "Uje utoe ushuhuda, namna papa alituokoa na ndege." Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia nitasema nini, naye hakuuliza. Mdogo wangu Feza alikuwa amezikwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, mvua za mwaka huu. Mazishi niliyaona kwenye simu ya Elisha, nimekaa kitandani, picha inakwama, watu wanasimama kama wamechorwa, halafu wanaruka wanakuwa upande mwingine wa shimo. Hata udongo ukiingia sikuuona. Picha ilipokwama walikuwa wameshika majembe, ilipoamka walikuwa wanaondoka.

Habari za baba na za ukoo nitaziacha, hazisaidii kitu hapa. Nilikuwa msichana wa kutumwa maji. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikimbia, na sikuirudia tena, kwa hiyo anayesoma maandishi haya anivumilie. Feza ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Tulilala mkeka mmoja, tukigombania upande wa ukutani. Kijiji chetu kilikaa ufukweni mwa Tanganyika, upande wa Kongo, pale milima inaposhuka mpaka karibu inatia miguu majini. Mwaka ule wapiganaji walikaa milimani, na ndege za serikali zilikuja mchana. Mara ya kwanza zilipokuja tulitoka nje kuziangalia, na akina mama wakapunga mikono. Zikazunguka, zikarudi chini chini, na zahanati ikakosa ukuta wa upande wa ziwa. Ilisimama hivyo mwaka mzima, unapita njiani unaona vitanda vya chuma ndani na kabati la dawa limefunguka, na mbuzi ameingia amelala chini ya kitanda kama mgonjwa.

Baada ya hapo wapiganaji wakashuka, wakachagua vijana wa kulinda kijiji na ndege. Sisi tuliwaita watu wa moshi. Mkubwa wao alikuwa Wilondja, jirani yetu, kijana aliyekuwa akipiga ngoma kanisani. Walimpa filimbi na kitambaa chekundu cha kufunga mkononi, wakamtundikia rimu ya gari kwenye nguzo ya kanisa. Rimu ikipigwa, unalala chini ulipo, hata kama ni kwenye matope. Wilondja alibadilika siku ile ile. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu aliyepewa filimbi. Aliwapandisha vijana wenzake juu ya kanisa, wakapaka mabati matope yasing'ae. Akakataza kuanika nguo nyeupe. Akakataza kuanika mihogo kwenye miamba, kwa sababu mihogo iliyomenywa ni myeupe, na kutoka juu miamba yetu ilionekana kama imetandikwa mashuka. Akakataza wanawake kukaa mtoni kwa makundi. Na moto akaukataza mchana kwa sababu ya ndege, akaukataza gizani kwa sababu ya boti za askari zilizopita ziwani. Ilibaki alfajiri tu, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya maji. Ukungu ukiinuka anapuliza filimbi, na moto wote unazimwa, umeiva hujaiva.

Nitasema kweli, kwa sababu mimi si mtu wa kumnyima mwenzangu haki yake. Alikuwa sahihi. Kijiji cha ng'ambo ya mto walimcheka. Walisema wao ni watu wa mawese na mawese hayapikwi kwa kunong'ona. Wakawasha mapipa yao mchana, moshi ukasimama kama mnazi. Tulisikia ndege zikipita juu yetu kwenda kwao, halafu tukasikia yale mengine. Watu waliovuka mto kuja kwetu walikuwa weusi wa masizi na mafuta, wengine wamebeba watu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka Wilondja. Hata padre mwafrika aliyebaki misheni alikula matembele baridi bila kusema neno.

Asubuhi, baada ya filimbi, alipita nyumba kwa nyumba. Hakuuliza. Aliinama jikoni, akatia kiganja chake ndani ya majivu ya meko, akakiacha humo kidogo, kama mganga anayepima homa ya mtoto. Yakiwa na joto kuliko alivyotaka, mama mwenye nyumba alitukanwa mbele ya watoto wake. Nakumbuka jiko letu lilivyokuwa: mafiga yaliyopasuka, ungo juu ya boriti, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, ambayo si harufu ya moto wala ya maji. Na nakumbuka mama yangu amesimama mlangoni amekunja mikono, akimwangalia kijana aliyempakata alipokuwa mchanga akimpapasia majivu yake.

Sasa, mwenye kula mihogo ya kwetu anajua. Ile mihogo ya mlimani ni michungu, ina sumu yake. Unaimenya, unailoweka mtoni siku tatu mpaka ilainike na maji yatoe povu, unaianika juani mpaka ivunjike kwa mkono, ndipo unatwanga. Hilo ni jambo analolijua kila msichana kabla hajajua kusuka nywele. Lakini mwaka ule mto ulikatazwa, miamba ikakatazwa, moto ukakatwa nusu. Samaki hawakuwepo kwa sababu wavuvi waliogopa boti. Maharage yaliliwa yakaisha, mbegu zikaliwa. Ikabaki mihogo asubuhi na mihogo jioni. Wanawake wakaanza kuitoa majini kesho yake, kuikausha chini ya kitanda, kuitwanga ikiwa na maji bado. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kijivu, unashika kwenye meno, na ukishameza kichwa kinazunguka. Tulikaa ukutani na Feza baada ya kula, tukisubiri kizunguzungu kiishe, na Feza, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, alisema, "Yaya, nyumba inatembea." Tukacheka. Tuliona ni mchezo.

Mama alimsimamisha Wilondja njiani. Mimi nilikuwa nyuma yake na mtungi, nikasikia kila kitu.

"Wilondja, hii mihogo siku moja haitoshi. Wewe umekula kwangu, unajua. Tupe ruhusa tuloweke siku tatu, chini ya migomba, kule ndege haioni."

"Mama, mkiwa wengi mtoni mtaonekana."

"Nitakwenda peke yangu. Niloweke ya wote."

"Leo wewe, kesho wote. Vita si arusi, mama. Kuleni hivyo hivyo."

"Watoto wanaumwa vichwa."

"Kichwa kinachouma bado kiko shingoni," akasema, na wenzake wakacheka. Akaondoka akipigapiga filimbi kwenye paja.

Halafu ikaja siku ya samaki. Ndege moja ilikosa, sijui ilikuwa inalenga nini, bomu likaanguka ziwani mbele yetu. Maji yalipanda juu yakakaa huko muda, halafu yakarudi. Tulipoinua vichwa kutoka chini, ziwa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Mikebuka, sangala, hata wale wa chini kabisa ambao hatujui majina yao. Watu waliingia majini na vikapu, na nguo, na kofia. Wazee walicheka kama walevi. Feza alifunga samaki katika kitenge chake mpaka kikamvuka kiunoni, akatembea nusu uchi na hakujali. Tukawaweka mchangani, chungu nzima, tukasubiri ruhusa ya kuwapika, kwa sababu kulikuwa kumekucha na ukungu ulishaondoka.

Wilondja akaja, akatazama. Akasema moto hapana, ndege ikikosa inarudi. Akasema samaki wapelekwe mlimani kwa wapiganaji, kule msitu umefunika, watapikwa bila kuonekana, nasi tutaletewa. Watu wa moshi wakabeba vikapu. Mama akasema, "Kikapu hiki ni cha wanangu," akakishika. Hakukiachia mpaka Wilondja alipompigia filimbi usoni, karibu kabisa na sikio, na mama akafunga macho na mikono ikalegea yenyewe. Jioni upepo ulishuka kutoka mlimani, ukatuletea harufu ya samaki wa kubanika. Tulikaa uani tukiinusa. Watoto wa jirani walikuwa wanakula ugali wa kijivu na kunusa, kunusa na kula. Samaki hawakurudi. Asubuhi Wilondja alikuja akatia kiganja katika majivu yetu. Nilikuwa nimechuchumaa karibu, na mkono wake ulinukia mafuta ya samaki. Nilimwangalia usoni. Alifuta mkono kwenye suruali, akapita nyumba inayofuata.

Siku ile ile mama akaanza kuiba. Aliloweka mihogo peke yake ndani ya kijito kidogo chini ya migomba, akaifunika kwa majani na mawe. Alihesabia siku zake kimoyomoyo, akaitoa, akaikausha darini. Unga ulitoka mweupe. Alfajiri hiyo aliupika taratibu, na ukungu ulikuwa mzito, tukafurahi. Lakini ukungu ulikatika ghafla, kama kitambaa, na filimbi ikalia. Mama hakuzima. Alisema, "Kidogo tu, umebaki kuzungushwa." Wilondja aliingia kwa mlango wa nyuma. Hakutukana. Alichukua mtungi niliouleta mimi kutoka ziwani, akaumwaga wote, si kwenye moto, ndani ya sufuria. Ugali ule mweupe ukawa uji wa baridi wenye mchanga. Feza alikuwa ameshika sahani. Akauliza, "Tule sasa?"

Wilondja akaitupa nje pia mihogo iliyobaki darini, akasema ni ya kuficha. Tukarudia ile ya siku moja. Haikupita muda mrefu. Asubuhi moja tuliamka, mimi nikakunja mkeka, Feza akasimama akaanguka. Nilimwambia aache mchezo. Akasimama tena, magoti yakagongana, visigino vikakataa kushuka chini, akaanguka juu ya mkono. Hakulia. Alishika miguu yake na kuikanda, anaitazama kama miguu ya mtu mwingine aliyelala mkekani kwetu. Hakuumwa homa, hakuumwa mahali. Miguu ilikauka tu, na haikulegea tena mpaka anakufa. Mama alimkanda kwa maji ya moto, moto aliouiba kila alfajiri, na sasa Wilondja alipotia mkono katika majivu aliyakuta yana joto, akautoa, akapita bila kutukana. Hilo nalo nililiona. Alijua joto lile ni la nini.

Kuna watoto wengine katika kijiji walipata miguu ile. Watu walisema ni uchawi, wengine wakasema ni upepo wa mabomu. Miaka mingi baadaye, kambini, nesi mmoja alimtazama Feza akitambaa kuja kwake, amevaa kandambili mikononi, akauliza kabla hajamgusa, "Mama, mlikula mihogo ambayo haikulowekwa?" Feza akacheka akasema, "Dada, mihogo ndiyo ilitula." Alikuwa na maneno, Feza. Hakuolewa. Alishona mikeka, alilea watoto wa watu, alinilelea Elisha. Safari ya kuja Amerika ilipotoka, jina lake lilikuwa kwenye kesi nyingine, yaani faili nyingine ya wakimbizi, akaambiwa atafuata. Tulimuaga ameketi mlangoni. Alisema, "Nendeni, mimi sina haraka, mnaona wenyewe miguu hii." Akangoja mpaka akafa.

Kwa hiyo nilikwenda Houston. Elisha ali-drive, Divine amekaa nyuma na simu yake. Nyumba ya Esperansi iko mtaa wa Alief, magari yalijaa mpaka kwenye majani. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine, na Muzee Wilondja alikuwa kwenye kochi, suti nyeusi, blanketi magotini, mikono inatetemeka juu yake. Keki imeandikwa Shujaa. Mkuu wa kwaya alishika maikrofoni, akasimulia rimu, akasimulia matope juu ya kanisa, na kijana mmoja akatafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto. Akamalizia, "Na katika kijiji chao chote, mwaka mzima wa mabomu, hakuna hata mtu mmoja aliyeumia." Watu wakapiga makofi. Esperansi akaniletea maikrofoni. "Mama Elisha, weye ulikuwepo. Waambie."

Nikasimama. Nikasema, "Yote mliyosikia ni kweli. Rimu ni kweli, matope ni kweli. Ndege haikuua mtu kwetu, na aliyefanya hivyo ni huyu papa. Lakini kuna mtu aliumia. Anaitwa Feza, mtoto wa mama yangu. Alikula mihogo isiyoiva kwa sababu moto ulizimwa na mto ulifungwa, akatambaa maisha yake yote. Yuko kaburini mwaka huu. Namuomba papa Wilondja amtaje hapa, mbele ya watoto. Jina tu."

Kijana wa kutafsiri alirudi nyuma hatua moja bila kutafsiri. Wilondja alitazama keki. Esperansi akachukua maikrofoni mkononi mwangu, kwa adabu kabisa, akasema, "Mama yetu amechoka, safari ya Dallas ni ndefu," na watu wakacheka kidogo, wakapata nafuu, kwaya ikaanza kuimba.

Chakula kilipopita, kila mtu alikuwa na kazi yake, na Esperansi, sijui kwa kusahau au kwa kutaka kunifunga mdomo, akaniwekea sahani ya baba yake mapajani. "Mama, msaidie papa, mikono haishiki tena." Ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, mkebuka wa dukani. Nikafinyanga tonge, nikalipeleka mdomoni kwake. Akarudisha kichwa nyuma.

"Ni moto," akasema.

"Ndiyo. Umepikwa."

Akatafuna. Akameza. "Mauwa," akasema. Jina hilo hakuna anayeniita tena, waliokuwa wakiniita wote wamekufa. "Mauwa, ile mihogo nilijua ni michungu. Nani hakujua? Hata mama yangu alinililia."

"Na yeye ulimmwagia maji?"

Nikafinyanga tonge jingine, naye akajibu: "Yeye nilimshushia chakula cha mlimani."

"Ile samaki?"

"Ile samaki."

Nilimlisha. Nikamwambia, "Simama useme hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Nikisema, hawa watoto watabaki na nini?"

"Watabaki na wewe, umekaa kwenye kochi. Mimi nimebaki na kaburi kwenye simu."

Akafungua mdomo, nikadhani anajibu. Alikuwa anangoja tonge. Nikampa, na jingine, mpaka sahani ikaisha, kwa sababu sahani ilikuwa mapajani mwangu na mimi sijawahi kumzimia mtu chakula. Nikanawa mikono, nikamwambia Elisha twende. Wilondja alininyooshea kiganja cha kuagana. Nilikiangalia. Kimekunjamana, cheupe katikati. Nikakiacha hapo hewani na tetemeko lake, nikatoka.

Kwenye gari Divine aliondoa vile vya masikioni. "Bibi, Feza ni yule wa video?" akaniuliza, kwa Kiswahili, ambacho hanipi mara nyingi. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia yote niliyoyaandika hapa, kuanzia vitanda vya zahanati mpaka sahani. Tulikuwa bado barabarani nilipomaliza, na Elisha hakuwasha redio.

Jumapili nilipika. Unga wa muhogo, na samaki kwenye kikaango, mafuta yakashika moto kidogo na moshi ukapanda. Kidude cha kwenye dari kikaanza kulia. Divine akaja mbio na taulo lake, akainua mkono, halafu akanitazama. Nilikuwa nimeshika mwiko kwa mikono miwili, ugali umebaki kuzungushwa.

"Kiache," nikamwambia.

Akaliweka taulo begani, akavuta kiti, akaketi. Kililia mpaka ugali ukaiva.